Kistari na Mkazo: Jinsi Kiingereza Kinavyofunga Maneno Mawili Kuwa Sifa Moja

Pale soko la samaki Bagamoyo, kijana anayetembeza wageni alimtambulisha mzee mmoja kwa Kiingereza: "small boat owner". Alikusudia kusema mwenye mashua ndogo. Wageni wakamtazama mzee, mtu wa miraba minne ambaye kichwa chake kilikaribia kugusa paa la banda, kisha wakatazamana. Kijana alikuwa ametua kidogo baada ya neno la kwanza, na kutua kule kukawafanya wasikie jambo jingine: mwenye mashua, aliye mdogo. Jioni alikuja darasani akiwa na swali moja tu. "Mwalimu, nimekosea wapi? Maneno yote matatu ni sahihi."

Kweli yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kamba ya kufungia mawili ya kwanza, na kamba hiyo ndiyo nataka kuieleza hapa, kwa sababu nimeona vijana wengi wenye akili na bidii wakiitafuta mahali ambapo haipo. Wanafungua kamusi, wanakariri msamiati, na bado mgeni anauliza, "Unasemaje?"

Kwa Kiswahili kosa lile ni gumu kutokea. Tunasema mwenye mashua ndogo, au mwenye mashua mdogo, na kila msikilizaji anajua nani ni mdogo. Tunasema mlango wa nyumba kubwa, au mlango wa nyumba mkubwa, na hakuna anayeuliza kilicho kikubwa ni nyumba au mlango. Upatanisho wa ngeli unafanya kazi hiyo kimya kimya: kivumishi kinavaa sare ya nomino yake, hata kikisimama mbali nayo. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitu cha namna hiyo. Nomino zake ziligawanyika katika jinsia tatu, na vivumishi vilibadilika kuzifuata. Karne zilivyopita miisho hiyo ilidhoofika ikapotea, na leo "small" ni "small" tu, iwe inamsifu mtu, mashua au mji. Mzigo ukaangukia kwenye mambo mengine: mpangilio wa maneno, mkazo na mapumziko ya sauti, na kwenye karatasi, kistari. "Small-boat owner" yenye kistari ni mwenye mashua ndogo. Bila kistari msomaji anabaki akikisia.

Kwa hiyo kistari si pambo. Kinafanya kwa Kiingereza sehemu ya kazi ambayo kwetu hufanywa na ngeli. Mwanafunzi akishalielewa hilo, mengi yaliyobaki hufunguka.

Kuanzia hapa nitaandika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa, na ninamwomba msomaji asome kwa sauti. Mambo haya hayaeleweki kwa macho peke yake.

Kiswahili kina kanuni moja kuu ya mkazo: silabi ya pili kutoka mwisho. BagaMOyo, KaOle, maSHUa. Ukiongeza kiambishi mwishoni, mkazo nao unasogea: NYUmba, nyuMBAni. Vighairi ni vichache, kama baRAbara yenye maana ya sawasawa mbele ya baraBAra ya kupitia magari. Kanuni hii ina nguvu kiasi kwamba inayateka hata maneno ya kigeni yakishatia nanga. Mwingereza husema BIcycle, sisi tukasema baiSKEli. Yeye BLANket, sisi blanKEti. Yeye SECretary, sisi sekreTAri. "Hotel" ilifika ikiwa na mkazo mwishoni, hoTEL, nasi tulipoongeza "i" mkazo ukabaki palepale: hoTEli. Hiyo ilikuwa bahati.

Umbo la silabi nalo ni tofauti. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, ukiacha zile za m na n kama katika m-tu na n-chi. Kiingereza kinaweza kubana konsonanti nyingi ndani ya silabi moja: "strengths" ni silabi moja tu, hata ukiihesabu kwa vidole mara kumi. Kijana wa Pwani akikutana na msongamano wa namna hiyo huutafutia irabu za kupumulia. Ni jambo la kawaida, na mara nyingi halina madhara. Katika vivumishi ambatani, yaani maneno mawili yaliyofungwa kuwa sifa moja, lina madhara, na nitaonyesha kwa nini.

Chukua majengo ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Kuta nene: "thick-walled". Paa bapa: "flat-roofed". Mlango wenye njumu za shaba: "brass-studded". Kila moja ina neno la kwanza, neno la pili, na kiambishi -ed. Mwanafunzi akiona -ed anadhani lazima aitamke kama silabi. Lakini kiambishi hiki kina sauti tatu. Baada ya sauti zisizo na mghuno kama p, k, f na s husikika kama t: "roofed" ni silabi moja, "ruft". Baada ya irabu na sauti zenye mghuno kama l, n na v husikika kama d: "walled" ni silabi moja, "wold". Ni baada ya t na d peke yake ambapo huzaa silabi mpya: "studded" ni mbili, "handed" ni mbili, "hearted" ni mbili. Kwa hiyo "thick-walled" ina silabi mbili, "flat-roofed" mbili, "brass-studded" tatu.

Sasa sikiliza kinachotokea darasani. "Flat-roofed" inatoka "flati-rufudi". Silabi mbili zimekuwa tano. Kisha kanuni yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho inaingia kazini bila kuitwa, na mkazo unatua kwenye FU: flatiruFUdi. Irabu ile haipo kabisa katika neno la Kiingereza. Mgeni anatega sikio lake penye uzito, na pale penye uzito hakuna kitu anachokijua. "Thick-walled" inakuwa thikiwoLIdi, hadithi ileile. Hata "brass-studded", ambayo silabi yake ya -ed ni halali, inageuka brasistaDIdi, na STUD, moyo wa neno, inapita bila kusikika. Ndiyo maana nasema irabu ya ziada si tatizo dogo la lafudhi. Lafudhi haimzuii mtu kueleweka. Mkazo ukiangukia mahali pasipo na neno, humzuia.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi haitoki kwenye vitabu vya Kiingereza. Wanafunzi wangu wengi wamepitia madrasa. Wanajua kufunga neno kwa d bila kuongeza irabu tangu wakiwa wadogo: "ahad", "samad". Nikiwaambia watamke "walled" na kuifunga jinsi walivyozoea kufunga "ahad", ulimi unatii mara moja. Inabaki kupunguza ule mwangwi wa qalqala, mtikisiko wa sauti katika kisomo cha Kurani, maana Kiingereza hakiuhitaji. Ujuzi upo kinywani mwao tayari. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanaruhusiwa kuutumia hapa.

Kuna maneno machache yanayokaidi kanuni ya -ed, na lazima yajulikane moja moja. "Naked", "wicked", "crooked" na "rugged" yote yana silabi mbili, ingawa hayana t wala d kabla ya kiambishi. "Legged" katika "three-legged stool", kigoda cha miguu mitatu, hutamkwa na wengi silabi mbili, na wengine moja. "Aged" inapendeza zaidi: katika "middle-aged", mtu wa makamo, ni silabi moja, lakini katika "the aged", wazee, ni mbili.

Turudi kwenye mkazo. Nomino ambatani za Kiingereza mara nyingi huweka uzito kwenye neno la kwanza. GREENhouse ni banda la kuoteshea mimea. Green HOUSE ni nyumba yoyote ya kijani. Vivumishi ambatani vingi hufanya kinyume: uzito mkuu uko kwenye neno la pili. Old-FASHioned, well-KNOWN, second-HAND, left-HANDed. Neno la kwanza halifi, lina uzito wake mdogo, na hapo ndipo Kiingereza kinapoachana na Kiswahili. Sisi tukiunganisha maneno kama mwana na maji, mkazo unabaki mmoja, mwanaMAji, na "mwana" inayeyuka ndani. Kiingereza kinaweka milima miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Na milima hiyo hubadilishana urefu. Hili ndilo jambo linalonivutia kuliko yote. Sema: "The mosque is well KNOWN." Uzito uko mwishoni. Sasa kiweke kivumishi kabla ya nomino: "a WELL-known MOSQUE". Uzito umeruka nyuma. Kwa nini? Kwa sababu KNOWN na MOSQUE zingekaa bega kwa bega, milima miwili bila bonde, na sikio la Mwingereza hupenda silabi nzito zitenganishwe na nyepesi. Vivyo hivyo "the car is second-HAND", lakini "a SECond-hand CAR". Wanaisimu huita jambo hili kuhama kwa mkazo.

Mfano wetu mzuri kuliko wote uko Kaole. Magofu yake ya kale hutajwa kuwa ya karne ya 13. Namba yenyewe ikisimama peke yake ni thirTEEN, na hapa tena tunabahatika, kwa sababu Mswahili akisema "thatini" mkazo wake wa kawaida unatua karibu na panapotakiwa. Lakini ikiwa kivumishi, bahati inakwisha: "a THIRteenth-century MOSQUE". Mlima umehamia THIR. Kijana aliyekariri thirTEEN kwa taabu, akahakikisha haichanganyiki na THIRty, anashangaa kumsikia mgeni akiweka uzito mwanzoni. Mmoja aliniuliza kwa uchungu kabisa, "Kwa hiyo ulitufundisha makosa?" Hapana. Neno ni lilelile, limebadilisha kiti.

Sasa angalia kistari kinakaa wapi. "A well-known mosque" ina kistari. "The mosque is well known", katika uandishi wa kawaida, haina. "A thirteenth-century mosque" inacho. "Built in the thirteenth century" haina. Kabla ya nomino, mkazo unaruka nyuma na kistari kinaonekana. Baada ya nomino, mkazo unarudi mahali pake na kistari kinatoweka. Mahali palepale panaamua mambo yote mawili. Sikuwahi kufundishwa hivyo nikiwa mwanafunzi. Nilipewa kanuni ya kistari kwenye somo la uandishi na habari za mkazo kwenye somo la matamshi, wiki tofauti, kana kwamba hazijuani. Ulinganifu huu si kamili. Maneno yaliyokwisha kuzoeleka kama "old-fashioned" na "good-looking" hubaki na kistari hata mwishoni mwa sentensi. Hata hivyo mwanafunzi anayeushika anaacha kubahatisha.

Ule uzito wa neno la pili una kundi moja lisiloufuata, na kundi hilo Mswahili anaweza kulielewa haraka kuliko wengi. Ni yale yenye nomino na kitenzi cha -ing, ambapo nomino ndiyo inayotendwa. "MAN-eating", mla watu. "TIME-saving", yenye kuokoa muda. "MOUTH-watering", ya kudondosha mate, ambayo kila mwongoza wageni huihitaji anapowafikisha kwa muuza pweza, hubeba mkazo uleule, ingawa hapo mdomo ndio unaotenda. Mkazo uko kwenye neno la kwanza na hauhami. Linganisha na "hard-WORKing" au "good-LOOKing", ambapo neno la kwanza halitendwi, linaeleza tu namna. Hapo mkazo uko kwenye kitenzi, na huruka kama kawaida: "a HARD-working FISHerman".

Kiswahili huunda maneno ya aina ya kwanza kwa kutanguliza kitenzi: mla watu, mpiga ngoma, mpigapicha. Mpangilio ni kinyume. Lakini sikiliza mkazo: mla WAtu, mpiga NGOma, mpigaPIcha. Umetua kwenye kitendwa. Katika MAN-eating umetua kwenye kitendwa pia. Sababu ni tofauti, kwetu ni kanuni ya silabi na kwao ni muundo wa neno, lakini matokeo yanakutana. Ninapofundisha nawaambia hivi: kile ambacho kwa Kiswahili kinakuja mwisho na kubeba sauti, kwa Kiingereza kipeleke mbele na ukiachie sauti yake.

Yale ya kivumishi, nomino na -ed yanahitaji maelezo ya maana kuliko ya sauti. "Blue-eyed" haitokani na kitenzi chochote. Hakuna mtu aliyefanya "eye" hapo. Kiambishi -ed kimechukua kazi ya -enye yetu: mwenye macho ya buluu, yenye kuta nene, lenye paa bapa. Wanasarufi wa Kisanskriti walilitambua kundi la namna hii zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na jina walilolitumia bado linatumiwa na wanaisimu duniani kote: bahuvrihi. Jina lenyewe ni mfano. "Bahu" ni -ingi, "vrihi" ni mchele, na neno zima halimaanishi mchele mwingi bali mtu mwenye mchele mwingi, yaani tajiri. Kwenye mwambao unaopika wali kwa nazi, sidhani kama kuna mfano unaofahamika kwa haraka zaidi.

Namba zina kanuni fupi: nomino iliyo ndani ya kivumishi haichukui wingi. "A ten-minute walk", matembezi ya dakika kumi, si "ten-minutes". "A five-year-old child", lakini "the child is five years old", ambapo wingi unarudi na vistari vinaondoka pamoja. Wengine huandika "ten minutes' walk", kwa alama ya umilikishi na bila kistari, nayo ni sahihi. Umoja huu una mizizi mirefu. Katika Kiingereza cha kale nomino baada ya namba za namna hii ilikuwa katika umbo la umilikishi wa wingi, ni kama tungesema kumi ya futi, na umbo hilo liliishia kwa -a: "fota". Irabu ile ya mwisho ilidhoofika, ikadondoka, ikaacha "foot". Ndiyo maana mpaka leo ukuta ni "a ten-foot wall".

Viishio vya -ly navyo ni rahisi. "A beautifully carved door", mlango uliochongwa kwa ustadi, haihitaji kistari. "Beautifully" ni kielezi, hakiwezi kumsifu mlango, kwa hiyo hakuna wa kuchanganyikiwa. Lakini "a hand-carved door" inakihitaji. Nimeona kibao kimoja mjini kilichoweka kistari kwenye ya kwanza na kukisahau kwenye ya pili. Ilinisikitisha, maana aliyekiandika alijali vya kutosha kuweka kistari mahali fulani.

Mtu anayesoma sana mtandaoni anaweza kunipinga: vistari si vinakufa? Ni kweli kwa nomino. Zamani Waingereza waliandika "to-day" na "to-morrow". Mwaka 2007, toleo jipya la Shorter Oxford English Dictionary liliondoa vistari katika maneno yapatayo 16,000. "Ice-cream" ikawa maneno mawili, "bumble-bee" ikawa moja. Lakini nomino inaweza kuishi bila kistari kwa sababu mara nyingi mkazo wake umetulia, uko mbele na hauhami. Kivumishi kinachosimama kabla ya nomino kiko njia panda: msomaji hajui kama neno la pili ni mwisho wa sifa au ni mwanzo wa nomino mpaka aonyeshwe. Sioni kikiondoka hapo karibuni.

Yule kijana wa sokoni tulikaa naye jioni tatu. Tulianza kwa kupiga meza: pigo zito kwenye silabi nzito, kidole kwenye nyepesi. Kisha tukaenda Kaole, akasimama kando ya ukuta wa msikiti, akasema sentensi moja mara nyingi, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wa mazungumzo. "A THIRteenth-century MOSQUE." Mara ya saba au ya nane THIR ilikaa sawa bila kusukumwa.

Kadi aliyomwandikia mzee sasa ina kistari: "small-boat owner". Kwa mdomo ameamua kutotegemea mapumziko ya sauti, ambayo upepo wa ufukweni huyameza. Anawaambia wageni, "He owns a small boat," kisha anawaonyesha mashua yenyewe.